Mapambo ya Speedster ya nakala: ununue mapya, utafute ya zamani au ung'arishe uliyonayo?

Mtu akinunua Speedster ya nakala, yaani gari lililotengenezwa kuigiza Porsche 356 Speedster ya Stuttgart, maswali yake yote huwa ya injini: ina cc ngapi, breki za mbele ni diski au dramu, chesisi ilikatwa na nani. Halafu gari linaegeshwa juani, na kitu cha kwanza jirani anachokiona ni fremu ya kioo cha mbele iliyopauka na bampa yenye vipele vya kutu. Rangi ya bodi mpulizaji mzuri ataimaliza kwa siku chache. Mapambo ya metali ndiyo yanayoamua kama gari linaonekana limetoka Stuttgart miaka ya 1950 au limetoka duka la vitu vya watoto.

Msimamo wangu nautanguliza, ili usome ukijua ninakoelekea: usichague njia kwa kutazama mng'ao, chagua kwa kujua metali iliyo chini ya mng'ao. Shaba ya njano irudishiwe kromu. Stenlesi na alumini uzing'arishe mwenyewe. Zinki iliyooza itupe, nunua kipya. Mengine yote hapa chini ni maelezo ya kwa nini, na ya pale ambapo kanuni hiyo inapinda.

Bodi yako ilitoka kwenye kalibu gani?

Speedster ya kweli ilianza mwishoni mwa 1954. Max Hoffman, aliyekuwa akiingiza magari ya Ulaya New York, aliwasukuma Porsche watengeneze toleo jepesi la gari lao la 356, lisilo na anasa, litakalouzwa Marekani kwa chini ya dola 3,000. Bei ya kuanzia ikawa dola 2,995. Hadi 1958 yalikuwa yametoka takribani magari 4,000, bodi zake zikitengenezwa na kampuni ya Reutter. Leo lililo zima huvuka dola 200,000, na hapo ndipo biashara ya nakala ilipopata riziki: Intermeccanica walioanzia Turin wakaishia Vancouver, Beck wa Indiana, Chesil wa Uingereza, Apal wa Ubelgiji, na karakana kadhaa za California na Florida.

Nakala nyingi hukaa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma Beetle ina milimita 2,400, 356 ina 2,100, hivyo sakafu hukatwa karibu sentimita 30 katikati na kuunganishwa upya. Bodi ya faibaglasi hutolewa kwenye kalibu, na kila kiwanda kina kalibu yake. Kuna kalibu zilizochukuliwa moja kwa moja kwenye gari la kweli, na kuna zilizochukuliwa kwenye nakala ya mwenzake, kila hatua ikipoteza milimita kadhaa. Matokeo yake, magari mawili yanayofanana ukiwa mbali huwa hayalingani kwenye mkunjo wa mdomo wa boneti, kwenye upana wa sehemu ya kioo, wala kwenye duara la taa za mbele.

Kwa hiyo tangazo likikwambia kipande ni "cha 356 halisi, kinaingia bila tabu", jua kwamba kinaingia bila tabu kwenye 356 halisi. Kabla ya kutuma pesa, kata kielelezo cha katoni ngumu kwenye bodi yako, toboa mahali pa skrubu, kisha mwombe muuzaji apime umbali wa tundu hadi tundu kwa milimita. Muuzaji anayekataa kupima amekupa jibu tayari.

Cha asili, cha kuigiza, au cha Beetle?

Vipande vya asili ni vile vilivyong'olewa kwenye 356 za kweli. Huuzwa kwenye minada ya mtandaoni na kwenye masoko ya spea kuukuu, kama lile la Hershey, Pennsylvania kila Oktoba, au kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Essen, Ujerumani. Uzuri wake uko mkononi: metali ni nene, kona ni kali, herufi zimesimama. Ubaya wake ni kwamba unashindana na mwenye gari la dola 200,000, ambaye kwake kipande cha asili ni sehemu ya thamani ya gari. Yeye akilipa pesa nyingi kwa taa moja anarudishiwa siku ya kuuza. Wewe hurudishiwi hata senti, maana mnunuzi wa nakala halipi zaidi kwa sababu skrubu zako ni za 1956. Hapo mimi nasema wazi: kununua fremu ya asili ya kioo cha mbele ili uifunge kwenye faibaglasi ni kuwanyang'anya wenye magari ya kweli kitu wanachokihitaji, na haitakaa sawa kwako.

Kundi la pili ni vipande vipya vya kuigiza vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanaofufua 356 za kweli. Stoddard wa Ohio na Sierra Madre Collection wa California wamejulikana kwa hivyo miaka mingi, na Porsche wenyewe wana kitengo chao cha magari ya kale. Ubora ni wa juu kuliko kundi la tatu, bei nayo inafuata. Kundi la tatu ni vile vinavyouzwa na watengenezaji wa nakala: bei nafuu na matundu yanalingana na bodi yao, ila kromu mara nyingi ni nyembamba na kilicho chini huenda kikawa zinki.

Nikipewa orodha na bajeti ya kawaida, ningegawa hivi. Fremu ya kioo cha mbele ningeitafuta kwa aliyemwaga bodi, hata kama kazi yake ya kromu si nzuri, kwa sababu umbo haliigiki gereji lakini kromu hurudiwa. Taa za nyuma ningechukua za kundi la pili. Ni kipande kidogo, watu huvitazama kwa karibu, na plastiki nyekundu ya bei rahisi hupauka juani mapema. Kabla ya hapo amua gari lako ni la mwaka gani: hadi mwanzoni mwa 1957 Speedster ilikuwa na taa ndogo za duara, mbili kila upande, zenye ngazi kama mzinga wa nyuki, baada ya hapo ikaja taa moja ndefu yenye umbo la chozi. Zote mbili ni sahihi, lakini matundu yake ni tofauti kabisa, na kuziba tundu la faibaglasi kisha kulipulizia rangi ni gharama inayozidi taa yenyewe.

Maandishi ya dhahabu ya jina la gari kwenye ubavu wa mbele, chukua ya bei ya kawaida, mradi yawe na vijiti vya kupenya kwenye bodi. Ya gundi hubanduka gari likioshwa kwa mashine ya presha. Kishikio cha boneti ndicho ningekigharamia. Kipo katikati ya uso wa gari, hushikwa kila mara, na cha bei rahisi hujitangaza kwa wepesi wake mkononi. Kama kina ngao ya Porsche, kumbuka kampuni hiyo hulinda alama zake kisheria. Wapo wanaoiacha ngao wakabaki na kishikio kitupu, na kwa macho yangu hakipungui kitu.

Beetle ni njia ya pembeni, na watu huidharau bure. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikitoka kiwanda cha Puebla, Mexico tarehe 30 Julai 2003, kwa hiyo raba, klipu, skrubu na vioo vya pembeni bado vinapatikana kwa bei ya binadamu. Hata kwetu Afrika Mashariki, ambako Beetle ilikuwa gari la mwalimu na la mashindano pia (Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za Safari Rally za 1962 akiwa na moja), hujakosa fundi mzee mwenye sanduku la spea zake chini ya meza. Ila usichukue kipande cha Beetle mahali ambapo jicho linatua. Mita ya Beetle katikati ya dashibodi ya Speedster inaharibu kila kitu. Pale weka mita tatu za duara, uso mweusi na maandishi ya kijani, hata kama nyuma yake ni mashine ya kisasa.

Vifuniko vya rimu vinafuata rimu, na rimu inafuata umri wa sakafu. Beetle za zamani zina nati tano kwenye duara la milimita 205, kipimo kilekile cha 356 za breki za dramu, kwa hiyo rimu za 356 na vifuniko vyake zinaingia. Kuanzia modeli ya 1968 Beetle nyingi zikaja na nati nne kwenye duara la milimita 130. Ukiwa na sakafu ya namna hiyo, utanunua rimu zilizotengenezwa kuigiza sura ya 356, au utabadilisha dramu. Uliza hili kabla ya kununua vifuniko vinne vinavyometa ambavyo havina pa kushika.

Jua ulichonacho kabla ya kumwita fundi

Geuza kipande upande wa nyuma, ambako kromu haikung'arishwa. Kwaruza kidogo kwa ncha ya kisu. Ukiona njano, ni shaba ya njano, na umebahatika. Ukiona kijivu na kipande ni kizito kuliko ukubwa wake, chenye vijisehemu vya kujazia na alama za kumiminwa, hiyo ni zinki. Kijivu cheupe na kipande ni chepesi sana, hiyo ni alumini. Uzito wake ni chini ya nusu ya zinki kwa ujazo uleule. Sumaku ikinata sana, hicho ni chuma cha kawaida kilichochovywa. Stenlesi inachanganya kidogo, maana ile bora haishiki sumaku na ile ya bei nafuu inashika, lakini stenlesi haina ngozi ya kromu: ukiikwaruza, chini ni rangi ileile ya juu.

Dakika kumi za kazi hiyo zinaokoa pesa nyingi kuliko kubembeleza bei. Nimeona watu wakipeleka mkanda wa stenlesi uliofifia kwenda kuchovywa kromu, wakatozwa kazi nzima, wakati ulikuwa unahitaji msasa na gurudumu la kitambaa tu.

Kurudishia kromu: shaba dhidi ya zinki

Hapa ndipo penye gharama, kwa hiyo tukae kidogo.

Mng'ao tunaouita kromu, kwa sehemu kubwa ni nikeli. Kromu yenyewe ya urembo ni utando mwembamba sana, sehemu ya maikroni moja, inayoongeza rangi ya ubluu kidogo na ugumu. Chini yake ni nikeli ya maikroni kumi, ishirini au zaidi, na chini ya nikeli, kwa kazi nzuri, ni shaba nyekundu. Kromu hujaa nyufa ndogo zisizoonekana. Maji na chumvi hupenya, na kama nikeli ni nyembamba, hufika kwenye metali ya chini. Kwa hiyo ukimwuliza fundi swali moja tu, usimwulize "mnachovya kromu?" Mwulize anaweka shaba na nikeli kiasi gani, na kama anang'arisha shaba kabla ya nikeli. Anayeruka shaba anauza mng'ao wa muda mfupi. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat, ambako hewa yenyewe ina chumvi, swali hilo ni la lazima.

Shaba ya njano inaivumilia safari hii yote. Kromu ya zamani huvuliwa kwa umeme au asidi, nikeli nayo huvuliwa, kipande hunyooshwa, husuguliwa, kikaanza upya. Kikiwa kimevunjika hulehemiwa. Fremu ya kioo ya shaba iliyopinda na kupauka inaweza kurudi ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na itakaa miaka mingi. Hii ndiyo sababu nasema ilipie: kazi ni ghali, lakini unailipia kitu kinachodumu.

Zinki ni habari nyingine. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 400 hivi, inaliwa na asidi ileile inayovua kromu, na kutu yake huanzia ndani ikasukuma kromu juu. Kile kipele kidogo unachokiona juu kina shimo pana chini yake. Fundi mwaminifu lazima achimbue kila shimo mpaka afike kwenye metali safi, alijaze kwa lehemu au kwa shaba, asawazishe, kisha achovye. Kila shimo ni kazi ya mkono. Mashimo yakiwa matatu, sawa. Yakiwa arobaini, bili inapita bei ya kipande kipya cha kundi la pili, na bado huna uhakika kwamba la arobaini na moja halijajificha. Zaidi ya hapo, kusugua kunakula maumbo: herufi zinalainika, kona zinakuwa duara, ngao inapoteza mistari. Kipande cha zinki ninachoweza kukitetea ni kile ambacho hakiuzwi tena popote, au chenye kovu moja mahali pasipoonekana.

Chuma cha kawaida, kama bampa, kiko katikati. Kama kutu haijatoboa, kinachovywa vizuri, na mbonyeo hunyooshwa kwa nyundo kabla. Kama ni kutu ya juujuu tu, jaribu kwanza karatasi ya alumini ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, haitaikwaruza, na doa jekundu huondoka. Vishimo vitabaki, lakini pengine utaridhika navyo kwa mwaka mwingine.

Stenlesi na alumini: kazi ya kufanya nyumbani

Mikanda ya ubavuni, fremu za taa na baadhi ya vifuniko vya rimu huja kwa metali hizi mbili. Zinafanana kwa macho, hazifanani kwa kazi.

Stenlesi ni ngumu na inasamehe. Mbonyeo unausukuma kutoka nyuma kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mbao ngumu, polepole, ukitafuta kilele chake kwa kupitisha kalamu ya wino na faili laini. Kisha msasa wa maji: anza na 400 kama kuna mikwaruzo, panda 600, 800, 1000, ukibadilisha mwelekeo kila hatua ili uone kama mikwaruzo ya hatua iliyopita imekwisha. Malizia kwa gurudumu la katani, kisha la pamba, na nta ya kijani ya kung'arishia. Usitumie sufi ya chuma: vijichembe vyake hubaki usoni na kuota kutu, ukaanza kuilaumu stenlesi bure.

Alumini ni laini, inang'aa haraka, na inafifia haraka. Nyingi ya kiwandani ina ngozi ngumu ya anodaizi, ambayo msasa hauipendi. Ngozi hiyo huvuliwa kwa kostiki soda iliyochanganywa na maji. Vaa glavu na miwani, fanyia nje, mimina soda kwenye maji na si maji kwenye soda, na toa kipande mara kinapoanza kutoa povu jingi, maana soda ikimaliza ngozi inaanza kula alumini yenyewe. Kisha msasa kama ule, hadi 1500 au 2000, na gurudumu la pamba bila kulikandamiza, kwa sababu joto huivuta alumini ikaacha mawimbi.

Baada ya hapo una uchaguzi: kuirudishia anodaizi kiwandani, au kuiacha uchi na kuipaka nta mara kwa mara. Gari la kutolewa Jumapili tu, mimi ningeiacha uchi. Mng'ao wa alumini iliyosuguliwa una ulaini ambao anodaizi haina. Gari linalolala nje karibu na bahari, lipia anodaizi.

Mikanda ya ubavuni ikiwa imepinda vibaya, usihangaike, nunua mipya. Ni metali ndefu nyembamba, na hata mkono mzuri huacha wimbi linaloonekana jua likiwa chini.

Kromu ya kweli, ya kupuliza, au ya ombwe

Kuna kromu ya kupuliza: kipande hupakwa rangi laini kabisa, hupulizwa kemikali za fedha zinazogeuka kioo papo hapo, kisha hufunikwa kwa vanishi ya juu. Picha zake zinavutia, na kwa plastiki au faibaglasi ambayo haichoviki kirahisi ni suluhisho la maana. Lakini unachogusa ni vanishi, si metali. Hukwaruzika kama rangi, na jua likiipiga sana hugeuka manjano. Ningeikubali kwa kipande cha ndani ya gari, au wavu mdogo wa honi. Kwa bampa na kishikio cha boneti, hapana.

Njia ya ombwe, ambapo metali hugeuzwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa ikatua juu ya kipande, hutumika sana kwenye rimu na mabomba ya bafuni. Ni imara kuliko ya kupuliza. Rangi yake, hata hivyo, mara nyingi ni nyeusi kidogo kuliko kromu ya zamani, na ukiiweka karibu na fremu ya shaba iliyochovywa tofauti inaonekana mchana kweupe.

Hilo la rangi kutolingana litazidi. Kromu ya miaka ya 1950 ilitoka kwenye maji ya kromu yenye valensi 6, ambayo ni sumu inayosababisha saratani kwa wafanyakazi. Umoja wa Ulaya umeweka sharti la kibali maalumu tangu 21 Septemba 2017, na California iliamua 2023 kwamba karakana za kromu ya urembo ziachane nayo kuanzia 2027, isipokuwa zilizopewa muda hadi 2030. Mbadala wake ni kromu yenye valensi 3, salama zaidi, lakini yenye kivuli cha kijivu chenye joto badala ya ule ubluu. Peke yake hupendeza. Kando ya kipande cha zamani, itakuumiza macho. Ushauri wa vitendo: vipande vyote vinavyoonekana kwa pamoja upande mmoja wa gari vipelekwe karakana moja, mara moja. Kama hela haitoshi, gawa gari kwa mbele na nyuma, maana hakuna anayeona ncha zote mbili kwa wakati mmoja.

Na kama vipande vyako vya asili bado vina kromu nzima iliyozeeka kidogo, fikiria mara mbili kabla ya kuvivua. Nakala yenye mapambo yote mapya yanayometa sawasawa ndiyo inayotambulika haraka kuwa nakala. Fremu yenye mikwaruzo midogo, karibu na taa iliyong'arishwa kwa mkono, huwapa watu shaka nzuri.

Kufunga kwenye faibaglasi

Faibaglasi haioti kutu, lakini hupasuka. Tundu likiwa la kubana na skrubu ikikazwa kama kwenye bati, jelkoti (tabaka laini la juu la faibaglasi) hutoa nyufa za nyota baada ya jua la miezi michache. Toboa kubwa kidogo kuliko skrubu, lainisha ukingo, weka gasketi ya raba mbele na washa pana nyuma, kaza hadi kipande kitulie tu.

Jambo la pili linawasumbua wengi waliozoea bodi za bati: faibaglasi haipitishi umeme. Taa ya nyuma iliyokuwa ikipata arthi kupitia bodi kwenye 356 ya kweli haitawaka kwako, au itawaka hafifu, mpaka uivutie waya wake wa arthi hadi chesisi. Fanya hivyo kabla hujalaumu taa ya kuigiza.

Skrubu za stenlesi zikiingia kwenye alumini palipo na unyevu, alumini huliwa. Zipake grisi, au weka washa ya plastiki katikati.

Ungeanzia wapi?

Mwenye bajeti ndogo na bodi nzuri: stenlesi na alumini ang'arishe mwenyewe, anunue taa za nyuma na kishikio cha boneti vya kundi la pili, na fremu ya kioo ikiwa ya shaba aiweke akiba kwa ajili ya kromu mwakani. Bampa zikiwa zimeoza, kuna mtindo wa kuziondoa kabisa na kuziba matundu, kama walivyofanya walioendesha Speedster kwenye mashindano ya viwanjani California. Ni nafuu kuliko kuchovya bampa mbili, na mimi naupenda.

Mwenye pesa ya kutosha asinunue vitu vyote siku moja. Fremu ya kioo ije kwanza, ifungwe kwenye bodi ikiwa haijachovywa, mlango ufungwe na kufunguliwa, turubai ivutwe juu, kioo kiwekwe. Marekebisho yote yafanyike metali ikiwa uchi. Kupinda fremu iliyokwisha kuchovywa kunaipasua kromu, na karakana itakutoza upya. Kabla ya kutuma, piga picha kila kipande pande zote mbili, andika idadi ya skrubu na klipu, na vile vidogo vifunge kwa waya pamoja, kwa sababu klipu mbili zikizama kwenye pipa la nikeli hakuna atakayezitafuta.